Barua ya wazi kwa wenye funguo za stesheni: ule usiku wa vichekesho, wa mkongwe na chipukizi, mliuweka wapi?

Kwenu wakuu wa stesheni za TV hapa Kenya, nyinyi mnaopanga vipindi, nyinyi mnaouza matangazo, na nyinyi wa wizara ambao kila mkipewa maiki ni vipaji, vipaji, vipaji,

Habari zenu na kazi. Barua ya mwisho niliandika darasa la saba, ile ya kuomba kazi kwa meneja ambaye hayuko duniani, mwalimu akanipa kumi na nne kwa arobaini, kwa hivyo mpangilio mtanisamehe.

Mimi ni fundi wa TV, niko Nakuru. Nilianza na Greatwall, ile ndogo ya black and white iliyokuwa inakula betri ya gari, na leo naletewa hizi flati ambazo mtoto amezirushia rimoti. TV imenilisha, imesomesha watoto wangu wawili, na pale kibandani huwa naacha moja iliyopona iwe imewaka kutwa nzima ili wateja waone fundi anajua kazi. Kwa hivyo vipindi vyenu navitazama kuliko wengi wenu, mimi ndio niko nayo saa nne asubuhi wakati nyinyi mko mkutanoni.

Kilichonisukuma ni katoni. Kuna mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi alikuwa anahama kurudi shambani, akaniletea deki ya zamani na katoni ya kaseti za VHS akaniambia chukua utoe spea. Nikafungua, nusu ya kaseti zimeota ukungu mweupe, zingine ukanda umegandana, lakini kuna moja imeandikwa kwa biro nyekundu REDY – USIFUTE. Nikaisafisha na spiriti na pamba kama mtu anaosha kidonda, nikabadilisha mpira wa deki, nikaunganisha. Kijana wangu wa kazi, ana miaka ishirini na moja, akavuta stuli.

Ilikuwa Redykyulass, kile kipindi cha vichekesho cha vijana watatu. Walter Mong'are, yule tulimjua kama Nyambane, na Tony Njuguna, na John Kiarie yaani KJ, ambaye siku hizi ni mbunge wa Dagoretti Kusini na anavaa suti. Wakati huo ni wanafunzi tu waliotoka Kenyatta University, na Moi bado yuko Ikulu, sio Moi wa kustaafu, Moi mwenyewe na rungu lake. Na Nyambane anaiga sauti yake kwenye TV. Wale wa umri wangu mnajua ilikuwa nini. Baba yangu kipindi kikianza alikuwa anaamka anapunguza sauti, kana kwamba chifu ameegemea dirisha, halafu anacheka bila kutoa sauti mabega yakiruka. Sasa huyu kijana wangu sauti ya Moi haijui vizuri, alipokufa yeye alikuwa mdogo, lakini alicheka. Nikamuuliza unacheka nini na humjui anayeigwa. Akaniambia, "Fundi, si maneno, ni vile ananyamaza kwanza."

Huyu kijana anataka kuwa mchekeshaji. Usiku anasimama mbele ya simu anajirekodi, klipu za sekunde arobaini, na ameanza kupata wafuasi. Lakini hajawahi kusimama mbele ya watu mia mbili waliolipa. Nikaangalia ile kanda, nikamwangalia yeye, nikajua nataka kuwaandikia nini.

Nataka ule usiku urudi. Sisemi ripiti peke yake, na sisemi kipindi cha kutafuta kipawa chenye majaji watatu na vifungo vyekundu, hizo tumeona zikija zikienda. Nasema ule usiku wa kuchanganya, mkongwe na chipukizi jukwaa moja, saa moja, kila wiki, kwenye TV ya bure ambayo mama mboga anaipata bila bando.

Mlikuwa nao. Wale wa Redykyulass walifungua mlango na mmoja wa waliopita kwa huo mlango ni Daniel Ndambuki, ambaye nusu ya nchi inamjua kama Churchill na nusu nyingine, wale wa kusikiliza redio ya Classic asubuhi kwenye matatu, inamjua kama Mwalimu King'ang'i. Akaja na Churchill Live NTV, halafu ikawa Churchill Show, na Jumapili usiku mtaani kwetu kukawa kama kuna mechi. Ukumbi wa Carnivore umejaa, watu wamevaa, kamera inapita kwa nyuso za watu wanacheka na wewe nyumbani na ugali yako unatafuta kama kuna mtu unamjua.

Sasa tazameni ule usiku ulivyopangwa, manake hapo ndipo kazi ilipo na mimi fundi napenda kujua kitu kimeungwa vipi. Mwenyeji anatoka kwanza, anawazoea watu, anataniana na walioketi mbele, anapima kama ukumbi ni wa moto ama umelala. Anamleta mtu watu wanamjua. Huyo anawasha. Halafu hapo katikati, watu wakiwa bado wanashika mbavu, anasukumwa mtu hakuna anayemjua, kijana shati limemzidi, ana dakika tano. Akifanya vizuri, Jumatatu stendi nzima inarudia maneno yake. Akianguka, basi ameanguka kwa dakika tano tu, anakuja mkongwe nyuma yake anauokota usiku, anaendelea, na wewe nyumbani hujapata hata nafasi ya kubadilisha stesheni.

Kuna usiku mmoja siusahau, sitataja ni kipindi gani wala ni nani. Kijana alitoka akasema kichekesho cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya, unasikia mtu anakohoa. Cha tatu akasahau katikati akasema "aki hata mimi nimesahau" na akaondoka. Mkongwe aliyefuata akashika maiki, hakusema kitu, akafanya tu ile sura ya yule kijana, akasema "aki hata mimi nimesahau," na ukumbi ukapasuka. Mngedhani alikuwa anamkejeli. Lakini alimwita arudi, wakasimama wawili, akamwambia rudia ile ya kwanza polepole. Akarudia. Watu wakacheka, kichekesho ni kile kile! Hio shule utaipata wapi kwa simu?

Wengi mnaowaalika leo waseme kwenye hafla zenu kwa hela nzuri walikuwa wale wa katikati. Eric Omondi, MC Jessy, Teacher Wanjiku, Professor Hamo, Mammito, hata mmoja anaitwa Chipukeezy, jina lenyewe linasema aliingia kama nani. Na Churchill akaweka hadi Churchill Raw, mahali pa wale ambao hawajaiva kabisa, wachemke kwanza kabla ya kuletwa mezani.

Kuna mwingine atasema fundi, hio ni kitu ya juzi, ya zamani ilikuwa michezo ya kuigiza, Vitimbi na Vioja Mahakamani, haikuwa stand-up, mtu mmoja na maiki yake. Nakubali na pia sikubali. Vitimbi kweli ilikuwa nyumba, Mzee Ojwang na Mama Kayai wakigombana. Lakini Vioja, hebu ifikirieni vizuri. Mtu anaitwa, anapanda kizimbani, peke yake, anawaangalia watu, na anaanza kueleza. Ondiek Nyuka Kwota akishika ile mbao ya kizimba na kuanza kumweleza hakimu vile kuku wa jirani alijileta mwenyewe, hio ni nini kama si stand-up? Kizimba ndio jukwaa, hakimu ndio yule mtu wa safu ya mbele hataki kucheka. Na mpangilio ni ule ule, hakimu na karani na askari ni wakongwe, wapo kila wiki, wamekaa imara, kwa hivyo mshtakiwa mpya anaweza kuletwa leo, akifaa arudi, asipofaa amefungwa miezi sita na hakuna aliyeumia. VOK, ile Sauti ya Kenya, na baadaye KBC walikuwa na hio mashine miaka yote na sidhani kuna mtu aliiandika kwenye karatasi.

Hata huko mbali walijua hivi. Nimekuwa nikitazama mambo ya Johnny Carson wa Marekani, alikaa na kipindi cha usiku cha The Tonight Show tangu 1962 mpaka 1992, na chipukizi akimaliza dakika zake wote wanamwangalia Carson, akimwita akae kwenye kochi basi kesho yake huyo mtu simu yake hailali. Ni kochi tu. Lakini lilikuwa na mzee aliyeaminika amelikalia kando.

Najua mtaniambia dunia imebadilika, na mimi sio mjinga, nimeona ikibadilika ikiwa mezani kwangu. Tarehe 14 Februari 2015, siku ya wapendanao, analogi ilipozimwa na stesheni kubwa zikatoka hewani karibu wiki tatu, watu waliniletea TV wamezibeba mgongoni wakidhani zimekufa. Mama mmoja alilia. Nikaweka karatasi nje, TV YAKO NI NZIMA, SHIDA NI SERIKALI, ikabidi niitoe kabla niletewe askari. Baada ya hapo visanduku vya dijitali vikaja, stesheni zikawa nyingi hadi mtu anabonyeza rimoti mpaka kidole kinauma, na hela za matangazo ni zile zile zimegawanywa vipande vidogo. Naelewa. Mwenye stesheni akiangalia hesabu anaona telenovela ya kununua imeshatengenezwa tayari, imewekwa sauti, haina mtu wa kumlipa nauli. Basi anaweka hio.

Lakini nawaomba mfanye hio hesabu tena. Kipindi cha drama kinataka nyumba, magari, nguo, mvua isinyeshe, mtu asiwe mgonjwa. Usiku wa vichekesho unataka ukumbi, taa, kamera nne, kiti kirefu na maiki moja ambayo mimi mwenyewe naweza kuitengeneza. Watazamaji wanalipa kuingia. Ukirekodi usiku mmoja mrefu unakata wiki mbili. Na kanuni za utangazaji zinawataka muwe na angalau asilimia 40 ya vipindi vya hapa nyumbani, sasa badala ya kujaza hio nafasi na watu wanne wakijadili siasa wakikatizana, si mjaze na watu wanaochekesha kwa kusudi?

Na kuna jambo ambalo wapangaji wa vipindi wanasahau, TV inamaliza vichekesho. Mtu anayezunguka harusi na hoteli anaweza kula na dakika ishirini zile zile miaka mitatu, Eldoret hawajui ulichosema Mombasa. Akizisema TV usiku mmoja zimeisha, Jumamosi akizirudia harusini mtoto wa miaka kumi anammalizia sentensi. Ndio maana mkimchukua mchekeshaji mmoja mkampa kipindi chake peke yake kila wiki, mwezi wa tatu anaanza kupiga kelele na kuvaa wigi. Hana kitu tena, mmemkamua. Usiku wa kuchanganya unawapumzisha, mkongwe anakuja mara moja kwa miezi miwili ameandaa, chipukizi anaiva pole pole, na nyinyi mna kipindi kila Jumapili.

Klipu hazifanyi hio kazi, na sisemi kwa kudharau, hawa vijana wa mitandao wengine ni wakali kweli, nawatazama nikisubiri solda ipoe. Ila kwenye klipu hakuna mtu anayemfuata mtu. Kila mmoja yuko chumbani kwake, akianguka anafuta, akipasua hajui ni kwa nini. Kijana wangu ana klipu moja imetazamwa mara nyingi na hajui sababu, amejaribu kurudia hivyo hivyo mara sita haikushika. Angekuwa mbele ya watu angeisikia kwa masikio.

Sasa niwaambie ninachoomba, na sitapanga kwa nambari manake mtaipeleka kwa kamati.

Mpeni mtu mmoja anayejua hii kazi hio saa moja na mumwachie. Apange yeye nani anafuata nani, asipangiwe na sponsa. Rekodini pia nje ya Nairobi, Nakuru tuko na kumbi, Kisumu ziko, Mombasa ziko, na mchekeshaji wa Pwani akichekesha Waswahili wenzake kwa Kiswahili chake mtaona tofauti na akija Nairobi kujilazimisha kuongea lafudhi za kabila zote. Hapa niseme kidogo, hio ya lafudhi imechosha. Mjaluo wa kujivunia, Mkikuyu wa pesa, Mkamba wa uchawi, tulicheka, tukacheka tena, basi. Wale wakongwe wakubwa hawakuwa wanategemea lafudhi peke yake, Mzee Ojwang alikuwa na lafudhi lakini uliyekuwa unamcheka ni mzee mwenye kiburi aliyeshikwa na uongo wake mwenyewe, hata ungemtoa hio lafudhi bado yuko. Chipukizi wakiwekwa karibu na mtu kama huyo wataona wenyewe. Wakiachwa peke yao watabaki kwa lafudhi milele.

Halafu muache ukimya kwenye kipindi. Siku hizi mhariri anakata kila pengo, anaweka kicheko cha kurekodiwa, anaweka ile sauti ya boing. Mnakumbuka kijana wangu alicheka nini kwenye ile kanda? Sasa pale Nyambane aliponyamaza nyinyi mngepaka boing.

Ya malipo naisema haraka kwa sababu inaniumiza. Mzee Ojwang, Benson Wanjau, macho yake yalipomsumbua ni wananchi walichanga, wengine mia mbili mbili, na akatutoka Julai 2015 akiwa na miaka 78. Sura ambayo kila nyumba yenye TV ilikuwa nayo sebuleni. Sitaki kumlaumu mtu, nasema tu kwamba ripiti ikichezwa usiku na tangazo la sabuni likakaa katikati, kuna mtu amelipwa kwa hio sabuni, na yule aliyetufanya tusiende kulala pia alipwe. Sheria ya hakimiliki iko tangu 2001, vyama vya kukusanya haki za wasanii vipo, hesabu si ngumu. Na chipukizi mnapomsainisha, mweleze jina lake la jukwaani ni la nani. Jirani zetu Tanzania waliona hio sinema, wale wachekeshaji kina Joti na Masanja na Mpoki walipotoka stesheni ya EATV kwenda TBC jina la Ze Comedy halikwenda nao, ikabidi wawe Orijino Komedi. Wao walikuwa wameshakuwa wakubwa, watu wakawafuata. Chipukizi wa dakika tano akipoteza jina amepotea mzima mzima.

Mwisho ni kanda. Mimi nazijua kanda, ni sumaku na gundi tu, hazipendi joto, hazipendi unyevu, na kila mwaka mnaosema tutazihamisha mwaka ujao zinatoka unga. BBC wenyewe na ukubwa wao walifuta vipindi vingi vya miaka ya 60 na 70 ili watumie kanda tena, na mpaka leo wanatafuta nakala kwa watu binafsi, kwa madari ya nyumba. Nyinyi mna stoo. Najua mnazo kwa sababu watu waliofanya kazi humo huniletea redio zao na tunaongea. Wachekeshaji wetu wanatutoka, Ayeiya alitutoka 2017, Othuol Othuol 2020, Fred Omondi 2024, na zile dakika zao tano tano ndizo zimebaki. Zitoeni mziweke mahali kijana anaweza kuzitazama nzima, tangu mwenyeji anapotoka mpaka taa zinapozimwa, sio zimekatwa katwa.

Kijana wangu amepata mahali pa kusimama Jumamosi hii, ni harambee ya kanisa, wamempa dakika kumi kati ya kwaya na mnada wa kuku. Ameiangalia ile kanda mara nne sasa. Jana nilimsikia nyuma ya kibanda akifanya mazoezi, akasema kitu, akanyamaza, akanyamaza tena, nikadhani amesahau nikataka kumsaidia, kumbe ndio alikuwa anafanya.

Katoni iko hapa kwangu. Mkitaka mtume mtu na gari, nitampa tuzinakili zote, deki nimeishaitengeneza, sitawalipisha isipokuwa mpira, mia tatu. Ila mje kabla ya mvua za Aprili manake paa langu linavuja upande wa katoni. Na ile ya biro nyekundu haitoki hapa mpaka mtu asaini.

Ni mimi,
Fundi wa TV, Nakuru